Swali Nililomwambia Mtu Mmoja

Vijana wa ofisini mliniomba niandike namna walimu wakuu wa skuli walivyokuwa wakichaguliwa katika wilaya yetu miaka ile nilipokuwa nakaa kwenye jopo la usaili. Nahisi mlitaka mwongozo. Mwongozo mnao, umechapwa vizuri na jalada lake lina watoto wanaocheka. Mimi nitaandika yale ambayo hayamo. Vyeo vyangu sitavitaja, vimeshapita kwa watu wengine, na mshahara sitautaja kwa sababu sipendi kuwavunja moyo mapema.

Kabla ya kuitwa ofisini nilikuwa mwalimu wa jiografia mjini. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na buibui jipya na kalamu mbili, nikitarajia kuoneshwa meza. Aliyenipokea alikuwa Maalim Makame, katibu wa jopo, Mtumbatu mrefu mwembamba ambaye maneno aliyatoa kama mtu anayetoa vyombo vya wageni kabatini, kimoja kimoja, na kwa wasiwasi. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia niziache kalamu pale na nikakae ukumbini pamoja na walimu waliokuja kusailiwa. Nikauliza nikafanye nini. Akasema nikae tu.

Nikakaa. Hakuna aliyenijua, wote walidhani na mimi nimekuja kuomba ukuu wa skuli. Mama mmoja aliniuliza nataka skuli gani, nikamjibu yoyote, akanitazama kwa huruma na kunimegea andazi lake. Wengine walinong'ona dua, wengine walipitia makaratasi yao. Bwana mmoja wa suti ya kijivu aliingia kwa kuchelewa kidogo, akaweka mkoba wake, akazunguka nyuma ya stoo moja kwa moja, akarudi akijifuta mikono. Choo cha jengo lile kilikuwa huko, kimefichika hata mimi nilikuwa nimeelekezwa mara mbili asubuhi ile na bado nilipotea.

Adhuhuri Maalim Makame aliniita akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza nani ametulia na nani anaonekana ana busara. Akaninyooshea kidole kunikatiza.

"Sitaki kujua nani mzuri," akasema. "Niambie nani ameshawahi kuingia humu."

Nikamtaja yule wa suti ya kijivu. Zamu ya bwana yule ilipofika, Maalim Makame alimuuliza kwanza kama amewahi kufika ofisini kwetu. Akajibu kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Maalim Makame akamshukuru, akaendelea na maswali mengine kwa adabu kamili, na skuli akapewa mtu mwingine. Baadaye nilimwambia labda bwana yule aliwahi kuja kwa shida zake za halali. Akanijibu kwamba mwenye shida za halali angezisema. Nilirudi nyumbani nikiwaza kuwa nimeingia kwenye kazi ya watu wasio na imani, na kwamba inanifaa.

Kwa miaka mingi tulifanya kazi pamoja, yeye akiendesha vespa na mimi nikimfuata kwa gari la ofisi siku lilipokuwa linawaka. Tulikwenda katika skuli za waombaji bila kutoa taarifa. Alinifundisha nisikae ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ofisi hufagiliwa mgeni akionekana njiani. Tulikaa kwa mama anayewauzia watoto mbatata za urojo, tukanunua, tukala, tukasikiliza. Viatu vyangu vilikuwa vya bapa, mkobani nikiweka kanga ya ziada na chupa ya chai. Vifaa vya kazi yetu ndivyo hivyo. Mtu akiwaambieni kwamba inahitajika kompyuta, mwambieni mimi Bi Raya nilifanya kwa chupa ya chai.

Mwombaji mmoja wa upande wa kusini aliandika kwamba ameifufua bustani ya skuli, na kwamba watoto wanalima na kula uji wa mazao yao wenyewe. Tulipofika tulikuta mihogo kweli, safu kwa safu, lakini majani yake yamelala, na udongo wa chini bado una alama za vidole. Ilisimama pale kama wageni wa harusi wasiojua wamealikwa na upande gani. Maalim Makame aliushika mche mmoja, ukatoka ardhini bila kupinga. Akaurudisha taratibu mahali pake, akausimamisha vizuri, akampa mkono mwalimu yule na kumpongeza. Tulipofika mjini aliniambia kuwa anayedanganya kwa mihogo leo, kesho atadanganya kwa mitihani.

Haya nayasema ili mjue mtu huyu alikuwa nani kwangu. Alipostaafu, ukatibu wa jopo ukanijia mimi. Yeye akabaki nyumbani kwake Jang'ombe, na mimi nikawa napita baada ya sala ya alasiri, nikimpelekea mkate wa kumimina na maswali ya kazini. Mkewe alishafariki. Alifurahia mkate, lakini maswali aliyafurahia zaidi.

Nakuja sasa kwenye kesi niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Skuli moja ya pwani ya mashariki, mbele ya Chwaka, ilibaki bila mwalimu mkuu. Jina lake silitaji. Ni skuli ya kijiji cha mwani, wazazi wake wengi ni wanawake wanaoshinda majini wakilima mwani kwenye kamba, maji yakitoka na kupwa. Baada ya mchujo walibaki waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Mize, mwalimu mkuu msaidizi wa pale pale na mzaliwa wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye watoto walinyamaza ili wamsikie. Wa pili alikuwa Maalim Nassor kutoka mjini, kijana mwenye ndevu zilizochongwa na shati lililopigwa pasi hadi mikono.

Kwenye jopo tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Maalim Khatib, bosi wangu, mtu mwema aliyechoka. Mwakilishi wa wazazi alikuwa Mzee Vuai, mvuvi wa kijiji kile kile. Wa tatu nilikuwa mimi.

Kabla ya usaili, simu ya Maalim Khatib ililia nikiwa mbele yake. Alisikiliza, akasema naam mara kadhaa, akaikata. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna mtu kampigia kumwambia yule kijana wa mjini tumwangalie tu.

Mwangalieni tu. Katika kazi hii hakuna maneno mazito kuliko hayo. Hayaombi kitu, na anayeyasema anaweza kuapa kwamba hakuomba kitu.

Kwa hiyo Maalim Nassor alipoingia mimi nilikuwa nshamvisha hatia. Naye hakunisaidia kumvua. Kila tulichomuuliza alikijibu kwa mpangilio ule ule wa hoja tulizokuwa nazo mbele yetu kwa ajili ya kutoa alama. Hoja ya kwanza ya kwanza, ya pili ya pili, mpaka mwisho, kama mtu anayesoma mgongoni mwa karatasi yangu. Maalim Khatib aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilihisi baridi. Bi Mize naye alijibu kwa kusitasita, akaruka baadhi ya hoja, akaongeza zake ambazo hatukuzifikiria. Kwa alama, kijana alimpita.

Nikasema tuwaite tena wote wawili, swali moja tu, la kisa. Mwenyekiti hakupenda lakini alikubali, na kazi ya kuliandaa swali akaniachia mimi.

Niliamini maswali ya kwanza yamevuja, na waliokuwa wanayajua maswali ni sisi watatu. Nikaamua kumjua aliyevujisha. Maalim Khatib nikamnong'oneza kwamba kisa kitahusu mwalimu anayewatoza wanafunzi wake mwenyewe masomo ya ziada. Mzee Vuai nikamwambia kisa kitahusu wanakijiji waliolifunga tangi la maji la skuli kwa ugomvi wa mpaka. Hakuna nililolikusudia kuuliza kati ya hayo. Nilikusudia kuwataka waombaji wachague wenyewe tatizo moja gumu la skuli ile, watueleze watalitatua vipi. Nilijua mtu akishalala na jibu tayari hataliacha nyumbani.

Kisha, kama kawaida yangu, nikapita Jang'ombe. Maalim Makame alikuwa barazani anajipepea. Nilimweleza habari ya simu na ya yule kijana, na yeye akazidi kunyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa ishara ya kupendezwa. Mtego wangu sikumweleza. Sijui kwa nini, labda niliona haya kumwonesha mwalimu wangu kazi ambayo haijakamilika. Nikamwambia tu kwamba nafikiria kuuliza kisa cha msichana hodari wa darasa la mtihani ambaye mama yake amechomwa mguu na mwiba wa samaki taa, hawezi kuingia majini, na mtoto ndiye anayekwenda kuvuna mwani badala yake kila bamvua, maji yanapotoka mbali. Kisa hicho nilikitunga pale pale, mkate ukiwa mkononi. Akasema ni kisa kizuri. Tukazungumza mambo mengine.

Siku ya usaili wa pili alianza Maalim Nassor. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikisubiri masomo ya ziada au tangi la maji. Akachagua upungufu wa madawati. Alizungumzia madawati kwa muda mrefu na kwa mpangilio, na hakukuwa na chochote ndani yake cha kumshika. Nakiri nilivunjika moyo.

Akaingia Bi Mize. Nikamsomea swali. Alitazama dirishani kidogo, kisha akasema tatizo gumu la skuli yake ni wasichana wanaokosa masomo kwa ajili ya mwani. Mzee Vuai akaitikia kwa kichwa, kila mtu wa pwani ile anajua hilo. Bi Mize akaendelea. Akasema mathalani kuna msichana wa darasa la mtihani, anaongoza darasani, mama yake amechomwa mguu na mwiba wa taa, hawezi kuingia majini, na mtoto ndiye anayekwenda kuvuna. Akaeleza angefanya nini: angewaomba wanawake wa kikundi wamshikie yule mama kamba zake kwa zamu, na masomo ya siku za bamvua angeyahamishia jioni. Lilikuwa jibu zuri kuliko lolote nililolisikia kwenye chumba kile. Mkono wangu uliacha kuandika.

Mzee Vuai akauliza kwa mapenzi kabisa, "Huyo mama aliyechomwa na taa ni nani? Mbona sisi hatukwenda kumtazama?"

Bi Mize akauvuta mtandio wake. "Ni mfano tu, Mzee," akasema.

Hapo nilijua. Mama yule hakuwapo kijijini wala popote pengine. Nilimtunga mimi barazani Jang'ombe, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemsikia.

Usaili ulipokwisha sikungoja gari. Nilimkuta Maalim Makame anasoma gazeti. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitazama mikononi kwa sababu sikuja na mkate. Nikamuuliza kama alimwambia Bi Mize swali langu. Nilitaka akatae. Miaka yote ile nilikuwa nikiwatazama watu machoni nikitafuta uongo, na siku ile niliutafuta kwa kuuhitaji.

"Nilimwambia," akasema.

Akalikunja gazeti. Alinieleza kwa utaratibu, kama anayetoa ripoti. Alianza kazi ya ualimu katika skuli ile ile ya mwani, kabla mimi sijamjua, na Bi Mize alikuwa mtoto wa darasa lake la kwanza. Alimsomesha, akamwombea nafasi ya kuendelea na masomo, akamwona anarudi kufundisha kwao. Nilipomweleza habari ya simu na ya yule kijana, alikwenda kwao Bi Mize siku ya pili yake.

"Wewe ndiye uliyeniambia mizani imeshalaliwa upande mmoja," akasema. "Mimi niliisawazisha."

Nikamwambia sikuwa na hakika kuwa imelaliwa. Akasema na yeye hakuwa na hakika. Nikamuuliza kwa nini katika safari zetu zote za kwenda skuli ile hakuwahi kuniambia kuwa alifundisha pale. Akajibu kwamba sikumuuliza. Jibu hilo angelitoa mtu mwingine mbele ya jopo, mimi na yeye tungetazamana.

Nilipokuwa nainuka aliniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nitaripoti.

"Ripoti," akasema. "Usipunguze neno. Na jina langu liandike sawasawa, watu hulikosea."

Nilitoka pale. Yaliyonitesa hayakuwa ya Bi Mize peke yake. Nilianza kuwapitia kichwani walimu wakuu wote tuliowachagua pamoja, mmoja baada ya mwingine, nikijiuliza nani kati yao alikuwa mwanafunzi wake, jirani yake, mtu wa kwao. Yule wa suti ya kijivu nilimkumbuka pia. Nani alipewa skuli siku ile badala yake? Mpaka leo ninapoandika sijapata sababu ya kumtilia shaka hata mmoja wao, na mpaka leo sijaacha.

Kesho yake nilikwenda kijijini kwa Bi Mize kabla ya kwenda ofisini. Nilimkuta uwanjani mwa skuli anawapanga watoto mstari. Aliponiona alimwachia mwalimu mwingine, akanipeleka nyuma ya darasa la mwisho, mahali ambapo hakuna dirisha. Nikamwambia nimeshazungumza na Maalim Makame. Hakujifanya hajui.

"Alikuja kwetu akaniambia," akasema. "Mimi sikumwomba. Lakini pia sikumkataza, na nikakaa nikalifikiria swali lake siku zote zile."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kutuambia.

"Niwaambie nyinyi, Bi Raya? Huku kila mtu anasema maswali ya kwanza yule kijana alipewa na nyinyi wenyewe. Ningekuja kumshitakia nani kwa nani?"

Nilimwambia jibu lake la jana lilikuwa zuri. Akasema anajua, na kwamba angeweza kulitoa hata kama hakuna mtu aliyemtembelea, na hilo ndilo linalomuuma. Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akarudi kwa watoto wake.

Maalim Khatib nilimweleza yote. Alishika kichwa. Kwanza alipendekeza tumpe Bi Mize skuli yake kimya kimya, kijiji kinamtaka, kijana wa mjini atapata kwingine. Papo hapo nikaanza kumshuku yeye: kwa nini ana haraka, na ile simu vipi? Baadaye niligundua kuwa alitaka tu kwenda nyumbani. Uchovu wa mtu mwema na hila za mtu mbaya zinafanana sana ukizitazama kwa mbali, na nawaombeni mlitie akilini hilo, limenipotezea nguvu nyingi.

Sikukubali. Ripoti ilikwenda juu, uamuzi ukarudi. Kwa kuwa hakuomba swali, Bi Mize hakuadhibiwa, ila jina lake liliondolewa katika nafasi ile. Skuli akapewa Maalim Nassor. Maalim Makame hakuitwa na mtu, alishastaafu. Mzee Vuai alipopata habari hakusema nami kwa muda mrefu. Wanawake wa kijiji walipokuwa wakiniona nashuka garini walizidi kuinamia kamba zao.

Maalim Nassor nilimfuata kuliko mwalimu mkuu yeyote wilayani. Nilifika asubuhi, nikafika mchana, nikafika siku ya mvua. Nilitafuta uvivu, nikakuta daftari za watoto zimesahihishwa. Nilitafuta kiburi, nikamkuta ukumbini mwa walimu anamuuliza Bi Mize afanye nini siku za bamvua, naye Bi Mize anamweleza kwa sauti ile ile ya chini, na masomo yakahamishiwa jioni. Siku moja aliniambia, bila kukasirika, kwamba ataniwekea kiti changu kabisa pale skulini.

Siku hiyo nilimuuliza waziwazi nani alimpa majibu ya usaili wa kwanza. Alishangaa. Akaingia ofisini, akatoka na mwongozo wa wizara kwa ajili ya walimu wakuu, umechakaa, jalada limetoka, kurasa zimepigwa mistari. Hoja zetu za kutoa alama, ambazo Maalim Khatib alizinakili humo bila kubadilisha hata mpangilio, zilikuwamo zote.

"Nimeusoma mpaka mke wangu anaujua," akasema. "Kuhusu madawati anaweza kukusailini nyinyi."

Nikamuuliza na ile simu. Akasema ana mjomba anayejiona mkubwa, na alimwomba asipige, akapiga. Nilimwamini nusu. Mnaonijua mnafahamu kuwa kwangu hiyo ni nyingi.

Kwa Maalim Makame niliendelea kwenda, si kila mara, lakini siku za Idi na akiugua. Mkate nilimpelekea. Tulizungumza habari za bei ya samaki, za wajukuu, za maumivu ya magoti. Kazi hatukuigusa tena. Alikuwa akinisindikiza mpaka mwisho wa kibaraza, na mara nyingine nilihisi anataka kusema kitu, au nilihisi hivyo kwa sababu ndiyo tabia yangu.

Maalim Nassor alikuja kuhamishwa, akapewa skuli kubwa mjini. Kiti cha skuli ya mwani kikabaki wazi mara nyingine, na Bi Mize akaomba. Maalim Khatib alikuwa ameshastaafu, na Mzee Vuai aliwaachia wengine. Nikataka kujitoa kwenye jopo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwangusha mara ya kwanza. Mwenyekiti mpya, mama mmoja aliyetoka wilaya nyingine na asiyejua lolote la nyuma, alikubali. Lakini Bi Mize aliposikia alileta ujumbe kwamba anaomba Bi Raya akae. Sikuelewa anataka nini kwangu. Nikalala nikiligeuza ombi hilo kila upande nikitafuta lilikofichwa jambo. Sikuliona. Nikakaa.

Maswali tuliyatunga mle mle chumbani, milango imefungwa, dakika chache kabla hajaingia. Ilipofika zamu yangu nikamuuliza, "Mwalimu, tueleze jambo moja ulilolifanya kazini ambalo ungependa sisi tusilijue."

Mwenyekiti alinigeukia. Swali lile halimo kwenye mwongozo wowote. Bi Mize aliweka mikono mapajani. Angeweza kutaja kuchelewa, au mtoto aliyempandishia sauti. Walioko mbele yake, ukiniondoa mimi, wasingejua tofauti.

"Niliomba nafasi hii hii zamani," akasema. "Nikaambiwa swali kabla. Aliyeniambia ni mtu ninayemheshimu, jina lake nitabaki nalo, ameshazeeka. Nilikuja nikajibu kama nimelisikia siku ile. Niliondolewa, na ilikuwa haki."

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini alirudi kuomba skuli ile ile, ambako kila mtu anaijua habari yake.

"Kwa sababu wanaijua," akasema Bi Mize. "Kwengine ningekuwa naogopa ijulikane."

Alipotoka hatukubishana sana. Mwenyekiti alisema huyu ndiye, mwenzetu mwingine akakubali. Mimi nilimpa alama kamili, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya kazi, na kabla ya kukabidhi karatasi niliiangalia mara mbili kama mwandiko ni wangu.

Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, anavaa viatu. Kabla sijasema kitu aliniuliza kama nilijua kuwa atalisema lile jambo. Nikamjibu kwamba sikujua.

"Kumbe ulikuwa bado unanishuku," akasema.

"Naam."

"Na mimi nilikushuku wewe. N'lidhani umeshawaambia wote kabla sijaingia. Ndiyo maana nilitaka ukae, nikuone uso wako."

Nikamwambia sikumwambia mtu. Alinitazama usoni kwa muda, kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watu, sikuwahi kujua inavyokuwa upande wa pili. Kisha akajitanda vizuri mtandio wake. Akasema maji yanatoka na anataka kuwahi kijijini, na kwamba akipewa skuli nije siku moja niione, nije bila kumwambia.

Nikamjibu kwamba nisingemwambia hata hivyo.